Msasa wa Injinia

Mtu akistaafu kazi ya kuamrisha wenzake, amri hazistaafu naye. Metroni aliondoka hospitali zamani, akaagwa, akapewa saa ya ukutani na hotuba ndefu, lakini bado hata paka wa jirani alijua kwamba ukipita uani kwa Metroni unapita kwa adabu. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima, na aliishi peke yake katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Nyumba yenyewe ilijengwa enzi za watu wasiojua vigae wala kutaka kuvijua. Kuta nene, madirisha marefu, na chini, kuanzia mlango wa mbele mpaka chumba cha kulala, sakafu ya mbao ndefu za paini, zilizochakaa na kupauka na kuchokonolewa na visigino vya kila aliyewahi kuingia humo.

Sasa, Metroni alikuwa na siri, na afadhali tuiseme mapema tusije tukasumbuana huko mbele. Metroni alikuwa haoni.

Si kwamba alikuwa gizani kabisa. Dirisha alijua ni dirisha kwa sababu lilikuwa na mwanga, na mtu akisimama mbele yake aliona kitu kimesimama, ila kama ni mwanawe au ni kabati, hilo ilibidi angoje kitu chenyewe kiseme. Presha ya macho, alisema daktari mmoja wa mbali ambaye Metroni alimwendea kwa kujificha, mtandio umemfunika nusu ya uso, utadhani amekwenda kuiba. Daktari akampa matone ya kulinda kilichobaki, akamwambia kilichokwenda hakirudi. Jamani, mwanamke huyu huyu ndiye aliyekuwa akiwagombeza wagonjwa mpaka wakalia, eti kwa nini wamechelewa, kwa nini wameficha, aibu ya nini! Zamu yake ilipofika akaficha kuliko wote.

Na sababu alikuwa nayo. Binti yake mkubwa, ambaye ukoo mzima ulimwita Afisa kwa jinsi alivyoongea na watu kana kwamba wamekuja kuomba kibali, alikaa ghorofa ya juu kabisa ya jengo jipya, na humo ndani kulikuwa na chumba kilichokwisha kutandikwa. "Chumba cha Mama," alikiita, na Mama mwenyewe hajawahi kukiomba. Afisa alikuwa akingoja kisingizio tu. Mama akiteleza, anahama. Mama akikohoa, anahama. Akisikia Mama haoni, loo, lori lingekuwa mlangoni kabla chai haijapoa. Na Metroni alikuwa ameapa kwamba ndani ya nyumba ile atatoka amebebwa, tena akiwa hajui nani kambeba.

Basi aliishije? Kwa miguu. Ukiingia mlango wa mbele, unakanyaga msumari ulioinua kichwa, hapo unageuka kushoto. Paini ni mti laini, unalika kwa kukanyagwa, lakini vifundo vyake ni vigumu, haviliki. Kwa hiyo kadiri miaka ilivyokwenda mbao zilishuka na vifundo vikabaki vimesimama juu kidogo, na Metroni alivijua kimoja kimoja. Vifundo viwili vilivyobanana, umefika kona ya meza. Ubao unaolia, umekaribia kidato cha kushukia jikoni, na kidato hicho kilikuwa tayari kumvunja nyonga yeyote asiyekiheshimu. Palipobonyea mbele ya kochi ni pale marehemu alipokuwa akisugua visigino vyake huku akigombana na taarifa ya habari. Metroni alitembea peku, haraka, kidevu juu, na aliyemwona angeapa yule mama ana macho ya mwewe. "Metroni, wewe huzeeki!" wageni walisema. Naye akawajibu kwamba kuzeeka ni uzembe.

Mwanawe wa kiume aliitwa Injinia. Usihangaike kuuliza alisomea wapi, maana alikuwa anauza bima. Jina alijipa mwenyewe, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kutazama video kwenye simu jioni na kuamka asubuhi akiwa fundi. Kwa njia hiyo alikwisha kuwa fundi bomba, na ukuta wa bafu lake unatoa jasho hadi leo. Akawa fundi umeme, na watoto wake pacha wakajifunza mapema kutogusa swichi ya sebuleni. Aliwahi pia kufuga nyuki, lakini hilo wenyeji wa mtaa ule hawapendi likumbushwe.

Mkewe aliitwa Mama Pacha, na Metroni alimvumilia mkwe huyo kama unavyoivumilia redio ya jirani. Alikuwa mpole, hana neno baya kwa mtu, lakini alikuwa anatangaza. "Mama, ni mimi, naingia. Mama, nimekaa hapa kwenye kochi, upande wa dirishani. Chai yako hiyo mezani, mkono wako wa kulia, ya moto sana. Baba Pacha amesimama karibu na mlango, kakunja uso." Utafikiri mpira unachezwa na yeye kalipwa kuutangaza! Moyoni mwake Metroni alimwita Mtangazaji, na siku moja uvumilivu ulimwisha.

"Mwanangu, kila kitu lazima ukitangaze? Kwani mimi sioni?"

Mama Pacha akashusha sauti. "Samahani, Mama. Nimenyamaza. Niko hapa hapa kwenye kochi."

Siku ya balaa, Injinia alifika amevimba kwa furaha. Alikuwa ametoka kumtembelea mkubwa wake wa kazi, ambaye naye ana nyumba ya zamani, na huko alikuwa ameona sakafu. Hakuweza hata kukaa. Alizunguka sebuleni kwa mama yake akipiga mbao kwa kisigino, ko, ko, ko, na Metroni akamfuata kwa masikio.

"Mama, paini ile ile kama hii yako! Kaisugua yote, kaipaka vanishi, unajiona ndani yake kama kwenye kioo."

"Nijione ndani ya sakafu nitafute nini?"

"Mama, sikiliza. Nakodi mashine ya msasa. Napita na msasa mkali, halafu wa kati, halafu laini. Misumari yote nazamisha. Hivi vifundo vinavyochoma miguu, vyote vinalala. Ubao unaolia naupigilia. Nikimaliza, utapitisha kiganja kutoka mlangoni mpaka jikoni na hutashika kitu!"

Alisema hivyo kwa upendo, na hilo ndilo lililomuuma Metroni zaidi. Mtoto alikuwa akimhesabia, kwa furaha zote, kila kitu kilichomwongoza kutoka kitandani mpaka kwenye sufuria, na kila alichokitaja alikuwa anakifuta. Metroni akaanza kupambana.

Alisema kifua chake hakitaki vumbi. Injinia akasema Mama atalala kwa Afisa mpaka vumbi litulie. Alisema marehemu aliipenda sakafu jinsi ilivyo. Injinia akamkumbusha kwamba marehemu kila mwaka alikuwa akiapa kuing'oa. Alisema vanishi inaita mende. Alisema sakafu laini inaleta baridi yabisi, imeandikwa gazetini.

"Gazeti gani, Mama?"

"La watu wanaosoma."

Afisa alikuwepo siku hiyo, amekaa kimya kwenye kiti cha marehemu, na ukimya wa Afisa haukuwahi kuwa wa bure. "Mama," akasema, "mbona unatetemeka? Sakafu tu hii. Au kuna shida na kutembea ambayo hutuambii?"

Hapo Metroni akaona shimo liko wapi. Akikataa zaidi ataulizwa kwa nini, na akiulizwa kwa nini mara ya tatu Afisa atampeleka hospitali kwa mkono. Akacheka kicheko kimoja kikavu. "Kutembea? Mimi nitawazika nyote kwa miguu yangu. Haya, sugueni. Sugueni mpaka mfike kuzimu."

"Huyo ndiye Mama yangu!" Injinia akapiga kofi. "Sasa chagua rangi." Akampa vibao viwili vilivyopakwa vanishi, kimoja kila mkono.

Metroni akaviinua usoni, akavikunjia uso, akavinusa kabisa. Vyote vilikuwa na harufu ya duka la rangi. Sebule nzima ilikuwa inamngoja yeye.

"Mimi naona hicho cha rangi ya asali ndicho kizuri, Mama," Mama Pacha akadakia, "hicho ulichoshika mkono wa kulia. Cha kushoto cheusi sana."

Nani kamuuliza? Metroni alikereka, lakini alikuwa kwenye maji ya shingo na kamba ni kamba. "Nilikuwa nataka kusema hivyo hivyo," akasema, akainua mkono wa kulia.

Siku ya kuanza kazi, Afisa alikuwa amekwisha kufika na gari kumchukua mama yake, na mashine ilikuwa imekwisha kushushwa sebuleni. Injinia aliizungukia kama bwana harusi. Mwenye mashine, akasimulia kwa dharau, ana maneno huyo! Eti ikiwaka usisimame mahali pamoja hata kidogo, paini ni laini, itachimba bakuli kabla hujapepesa. Eti tembea tu, usisite. "Anadhani anaongea na mtoto," Injinia alisema. "Mama Pacha atabaki hapa na simu, anipige picha na video. Watu wa ofisini waone kazi."

Metroni akasonya kimoyomoyo. Nyumba inabomolewa na Mtangazaji anapiga picha.

Alipokuwa anatafuta viatu vyake, Mama Pacha akaja kumvalisha, na huku ameinama akaanza maswali ya ajabu. "Mama, hivi ukitoka kitandani kwenda bafuni, unapitia huku ukutani au unakata katikati?"

"Swali gani hilo?"

"Nauliza tu, Mama. Ili turudishe vitu vizuri."

Kwa hasira Metroni akamjibu yote. Kitandani mpaka mlangoni, ukutani mpaka bafuni, bafuni mpaka meza, meza mpaka kidato, kidato mpaka jiko, na hapo katikati mtu mwenye akili hapiti maana kuna stuli ya marehemu. Alieleza kwa kirefu, kwa sauti ya kumfundisha mwanagenzi kufunga bandeji, na alipomaliza aliona amemkomesha. Mama Pacha akasema asante.

Kwa Afisa kulikuwa na vigae. Vigae vyeupe, baridi, vyote ndugu, huku na huku na kule, hakuna kimoja kilichokuwa na la kumwambia mtu. Siku ya kwanza Metroni alikwenda kutafuta maji akafungua kabati la viatu. Akasema alikuwa anakagua usafi. Siku iliyofuata alisalimia koti lililotundikwa, kwa heshima zote, akauliza na habari za nyumbani, na bahati yake hakuna aliyesikia. Baada ya hapo aliona heri akae. Akakaa kwenye kiti karibu na dirisha lenye mwanga, mikono mapajani, akisema magoti yanauma. Chakula kililetwa pale pale. Redio ililetwa pale pale.

"Unaona, Mama, ulivyotulia?" Afisa alifurahi. "Hapa ndipo panapokufaa."

Metroni alijisikia mzigo uliosahauliwa stesheni. Alikuwa amewaona wazee wa namna hiyo wodini, wenye afya zao, wameletwa wakawekwa, na baada ya muda wakawa kweli wagonjwa kwa kukosa kazi nyingine. Usiku alilia kidogo, bila sauti, akajifuta kwa shuka, akajitukana. Akajiambia kwamba akirudi atajifunza nyumba upya kwa kutambaa kama hana budi. Lakini akirudi atakuta watu wamejipanga kumtazama, na mtu hatambai mbele ya Afisa.

Ikawa kama alivyoogopa. Alipoteremka kwenye gari la Afisa, Injinia alikuwa mlangoni akipiga makofi, na harufu ya vanishi ilimpokea tangu kwenye ngazi za nje. "Vua viatu, Mama! Sakafu hii inataka mguu mtupu!"

Akavua. Akaingia. Akatafuta msumari wa mlangoni kwa dole gumba na hakuukuta. Chini kulikuwa laini, kama sabuni, kila upande sawasawa, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe Metroni hakujua amesimama wapi ndani ya nyumba yake. Alitamani kushika ukuta na hakuthubutu kuutafuta.

"Unaionaje, Mama?" Injinia akauliza, sauti yenyewe imejaa machozi.

Kabla hajapata la kusema, Afisa akatoa mguno nyuma yake. "Injinia. Hiki nini?"

"Kipi?"

"Hiki. Na kile pale. Na hicho! Toba, sakafu imejaa mabakuli!" Viatu vya Afisa vikaenda huku na huku vikitafuta ushahidi. "Mwanga ukipiga hivi unaona yote. Ulikuwa unachota supu humu?"

"Hiyo ni tabia ya mbao za zamani," Injinia akasema. "Zina mawimbi. Ndiyo uzuri wake."

"Mawimbi gani ya mviringo? Na hili lililoko katikati ya sebule, kubwa hivi?"

"Hilo... hapo mkubwa wa kazi alinipigia simu. Singeweza kukata." Akajikohoza. "Lakini mengine ni mtindo."

"Mtindo! Mama ataingiza mguu humo avunjike. Mimi nilisema tangu mwanzo." Na sauti ya Afisa ikabadilika, ikawa ya kusaini karatasi. "Sikilizeni. Nitaleta fundi wa kweli, apige upya, asawazishe yote mpaka yalingane. Mpaka hapo Mama anarudi na mimi. Na kwa kweli, kwa umri wake, sioni sababu ya kuhangaika kumrudisha tena huku. Mama, vaa viatu twende."

Metroni alimsikia Injinia akipumua kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Hapo ndipo, kwa kurudi nyuma nusu hatua akwepe mkono wa Afisa uliokuwa unamtafuta kiwiko, kisigino chake kikazama.

Kilizama kidogo tu, taratibu, mahali palipochongwa duara la kutosha unyayo mmoja. Palikuwa hapo hapo ndani ya mlango, alipokuwa akigeukia kushoto siku zote.

Metroni akasimama. Akageuka kushoto. Akatembea kwa tahadhari ya mtu anayejifanya hana tahadhari, na alipodhani amekaribia meza, vidole vikakuta bonde lingine. Akanyoosha mkono, na kona ya meza ikawa pale pale inapotakiwa kuwa. Akaiacha meza, akaenda mbele, akihesabu hatua kwa mazoea, na kabla tu ya kidato cha jikoni pakawa na mawili, yamekaa ubavu kwa ubavu, ya kumsimamisha hata mlevi. Akashuka kidato. Akachukua kikombe kwenye ndoano yake, akakinga maji bombani, akapanda kidato, akarudi kwa njia ile ile, peku, kidevu juu, akanywa maji yake katikati ya watoto wake bila kumwaga tone.

"Nani atavunjika?" akauliza.

Afisa akaanza kusema, naye akamkatiza.

"Nimeuliza, nani atavunjika? Mimi nimetembea kwenye wodi zilizojaa damu na matapishi, taa zimezimika, nikashindwe na mabonde ya mwanangu? Afisa, fundi wako mrudishe alikotoka. Atakayegusa sakafu hii na msasa, laini au mkali, ajue amenigusa mimi."

"Mama, lakini ni mbaya!" Afisa alikaribia kulia. "Iangalie tu!"

"Nimeiangalia," Metroni akasema. "Ni nzuri kuliko ya mwanzo."

Injinia alimkumbatia mpaka kikombe kikaanguka. Alilia waziwazi. Alisema siku zote alijua kwamba mama yake ana jicho la kazi nzuri, watu wengine wanaona kasoro tu, Mama anaona moyo. Afisa alibeba mkoba wake. Alipofika mlangoni aliingiza kisigino kirefu kwenye bakuli la kwanza, akayumba, akamlaani kaka yake na video zake zote, na gari likasikika likiondoka kwa hasira.

Injinia akatoka kwenda kupakia mashine. Akabaki Metroni kwenye kochi, na mtu mmoja anaokota vipande vya kikombe.

"Mama, naokota hapa karibu na miguu yako, usishuke kwanza," Mama Pacha akasema. "Vitu vyote nimevirudisha palepale. Hata stuli ya Baba."

Metroni hakumfokea. Alikuwa anafikiri. Bonde moja mlangoni, moja kwenye meza, mawili kwenye kidato. Asingekuwa na akili kama asingeuliza.

"Zile picha. Ulimpiga wapi?"

Vipande vikaacha kulia. "Pale mlangoni, Mama. Halafu kwenye kona ya meza. Pale kabla ya kidato nikampiga mbili, ya kwanza alifumba macho. Halafu nje ya bafu. Na moja pembeni ya kitanda chako, upande unaoshukia."

"Na mashine inawaka."

"Nilikuwa namwambia, Baba Pacha, simama, geuka huku, inua kidole. Akataka kuizima. Nikamwambia, ukiizima picha haina uhai. Hilo la katikati silo langu. Hilo ni la mkubwa wake wa kazi."

Metroni alihisi uso unamuwaka. Kwanza ilikuwa aibu, aibu kali, ya mtu aliyefunguliwa mlango akiwa anaoga. Halafu ikaja hasira. Halafu, nyuma ya vyote hivyo, kikaja kitu ambacho hakuwa amekitegemea, na kilimlegeza mabega.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile nilipokukuta unamwagilia yale maua ya plastiki aliyokuletea Baba Pacha. Mpaka sahani ikafurika, Mama."

"Ungeniambia kwamba ni ya plastiki."

"Ungenifukuza."

Hilo lilikuwa kweli, na Metroni hakulibishia. Alikaa akawafikiria watoto wake wawili wa kuwazaa, aliowalea kwa mshahara wa zamu za usiku. Leo mmoja alitazama sakafu, mwingine akatazama mashimo, na hakuna aliyemtazama yeye. Alikuwa ameutaka ushindi huo wa kuwaficha kwa muda mrefu na sasa ulimuuma kifuani. Huyu wa kuja, aliyemwita Mtangazaji, ndiye aliyemwona, na akakaa na neno hilo mdomoni, yeye asiyeweza kukaa na neno.

"Sijamwambia mtu," Mama Pacha akasema chini chini. "Ila matone yako yamekaribia kwisha. Nimeitikisa chupa wakati napanga chumba. Nitakuletea mengine."

Metroni alitaka kusema kitu cha kimetroni.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. "Mama! Picha hizi hapa, ona mwanao alivyotoka!" Injinia akamsukumia simu mikononi, akasimama mbele yake, kivuli kirefu chenye harufu ya vanishi, akingoja kusifiwa. Metroni akaishika simu kwa mikono miwili, akaiinua usoni, akakunja uso. Akasogea kidogo pembeni, akapiga kochi kwa kiganja.

"Wewe, njoo ukae hapa," akamwambia mkwewe.

Mama Pacha akaja. "Nakaa kushoto kwako, Mama. Haya. Hapo Baba Pacha amesimama mlangoni, ameinua kidole, vumbi limemjaa kwenye nyusi..." Akasita mwenyewe, akakumbuka. "Samahani, Mama. Natangaza tena."

"Tangaza," Metroni akasema. "Polepole, usiruke kitu."